Kikaango Chenye Matuta Nusu

Mambo yaliharibika siku ya Jumanne, tarehe kumi na nne mwezi wa tatu, saa saba na dakika ishirini mchana. Saa hiyo inajulikana kwa sababu Mwenyekiti wa kamati ya jengo aliiandika kwenye barua, akaipigia mstari mwekundu chini yake, utadhani ndiyo saa aliyozaliwa yeye. Ambacho Mwenyekiti hakukiandika ni kwamba tundu la hewa la jiko lile lilizibwa kwa saruji na kamati yake mwenyewe, eti njiwa wanajenga viota. Njiwa walihama. Moshi ndio uliokosa pa kuhamia. Lakini ndivyo wakubwa walivyo: wakitia saini wanaona wino, hawamwoni mtu.

Mwenye jiko alikuwa mzee mmoja aliyestaafu kazi ya kuchomelea vyuma. Watu wa jengo walimwita Mzee Cheche, kwa sababu ya kazi yake na kwa sababu ya mdomo wake, maana vyote viwili vilirusha moto. Mkewe alikuwa amefariki miaka miwili nyuma. Tangu hapo aliishi peke yake ghorofa ya tatu, asubuhi anakula mayai ya kuchemsha, mchana mkate, jioni mayai tena ili mkate usije ukajiona bora.

Jiko lenyewe lilikuwa dogo kiasi kwamba ukitaka kufungua mlango wa friji lazima kwanza utoke wewe. Palikuwa na jiko la gesi la pleti mbili, sinki, kabati moja lenye mlango unaoning'inia, na juu katikati ya dari kulikuwa na king'ora cha moshi. Ving'ora hivyo kamati ilivifunga mwaka uliopita, kila fleti chake, vyote vimeungwa kwa waya mmoja. Kikilia kimoja vinalia vyote, kuanzia chini hadi ghorofa ya sita, na kila mwenye miguu anatakiwa kushuka uani. Lifti hawakuitengeneza. King'ora walikiona, lifti hawakuiona. Marehemu mkewe alipika katika jiko lile miaka ishirini na sita bila king'ora kulia hata siku moja. Ni kweli kwamba wakati huo king'ora hakikuwepo, lakini Mzee Cheche hakupenda kuingiziwa hoja hiyo.

Kikaango kililetwa Jumatatu na binti yake wa pekee. Binti huyu alikuwa mwalimu wa chekechea, na kazi ilikuwa imemwingia hadi kwenye damu; alizungumza na kila mtu kana kwamba anamfunga kamba za viatu.

"Baba, mayai kila siku, mwisho mtu anaota manyoya," alisema, akaweka boksi mezani kwa mikono miwili. "Tumeleta nini? Tumeleta kikaango cha kuchomea. Unaweka nyama, inatoka na mistari kama ya hotelini."

"Mistari inashibisha?"

"Baba!"

"Nauliza tu, mama. Mtu huuliza."

Kilikuwa kikaango cha chuma, cha mraba, kizito, na ndani yake matuta yamejipanga kama shamba lililolimwa na mtu mwenye wasiwasi. Mzee Cheche alikipima kwa mkono, akakigonga kwa kucha, akasikiliza. Kwa mara ya kwanza baada ya siku nyingi uso wake ulilegea. Hiki hakikuwa bati. Kilikuwa chuma, na chuma alikijua. Alikuwa amekaa nacho miaka arobaini, na katika miaka hiyo yote aliona kinaelewa lugha moja tu, nayo ni moto.

Ndiyo maana Jumanne ile, alipokiweka kwenye gesi, alifungua moto hadi mwisho. Kisha akamimina mafuta, si kwa kijiko, kwa chupa. Mafuta yalishuka kwenye mifereji kati ya matuta yakatuama pale kama maji ya mvua barabarani kwetu, ambako mifereji ilichimbwa bila mtu kujiuliza maji yataelekea wapi. Moshi ulipoanza, Mzee Cheche alifurahi. Katika ufundi wake, moshi ni dalili kwamba kazi imeanza. Akachukua bonge la nyama akalilaza.

Chaa! Nyama ililia. King'ora nacho, kisitake kushindwa, kikalia zaidi.

Walishuka watu kama sitini. Alishuka bwana mmoja ana povu la sabuni kichwani. Alishuka bibi wa ghorofa ya sita, ngazi zote mia na nane, na alipofika chini akasema asiambiwe tena kupanda, aletewe kitanda pale pale. Msimamizi wa jengo, mtu wa makamo mwenye funguo nyingi kuliko milango, alipanda mbio akiwa amekumbatia mtungi wa kuzimia moto. Alikuwa ameungoja mwaka mzima autumie.

"Toka, mzee! Toka!"

"Hakuna moto hapa!"

"Na moshi huu unatoka wapi?"

"Unatoka kwenye nyama!"

"Basi nyama ndiyo inayoungua!" alisema Msimamizi, akavuta pini. Pssss. Nyama, kikaango, jiko, sinki na kope za Mzee Cheche, vyote vikapakwa poda kama mtoto aliyetoka kuoga.

Barua ya Mwenyekiti ilifika alasiri ile ile. Ya kutengeneza lifti ina miaka mitatu haijafika, lakini hii ilifika kwa saa mbili na nusu. Ilisema kwamba king'ora kikilia tena kutoka fleti ile, gesi itafungwa, na "ndugu wa mhusika wataombwa kumtafutia makazi yanayolingana na hali yake." Nakala: kwa binti wa mhusika.

Mzee Cheche aliisoma polepole, kidole kikifuata maneno, maana shule yake ilikuwa fupi.

"Hali yangu," alisema peke yake. "Nina miaka sitini na nane, nimechomelea ngazi za jengo hili kwa mkono wangu, leo wananishtaki kwa mwanangu."

Binti alifika kabla ya saa kumi na moja, barua mkononi.

"Baba, tunahama."

"Tunahama, mimi na nani?"

"Baba, usinichekeshe. Unakuja kwangu. Kule kuna kitanda."

Kitanda kilikuwepo, hilo halikuwa na ubishi. Ila kilikuwa katika chumba cha Mkaguzi. Mkaguzi ni baba mzazi wa mume wa binti, mstaafu aliyezunguka viwandani miaka thelathini akikagua kazi za wenzake. Alivaa koti hata kwenye joto. Alikoroga chai akiwa anatazama saa ya mkononi. Watu wa namna hiyo Mzee Cheche alikuwa amewaona maisha yake yote: wewe umeshika moto, yeye ameshika kalamu, na anakuuliza kwa nini una jasho. Kulala naye chumba kimoja, kuamka asubuhi ukute anakukagua ulivyolala, hapana. Na ilikuwa zaidi ya hilo. Fleti hii ndipo palipokuwa na mahali pa marehemu, upande wake wa kitanda, ndoano ya mlangoni mwa jiko aliyotundikia kanga yake, alama ya kisigino chake kwenye saruji ya bafuni aliyoikanyaga kabla haijakauka, akatukanwa na mumewe siku nzima. Mtu hawezi kubeba alama ya kisigino akaitia kwenye begi.

"Mwanangu," alisema, na safari hii mdomo haukurusha cheche, "nipe mpaka Jumamosi. Nitawapikia. Wewe, mumeo, na huyo Mkaguzi wenu. Kwa kikaango hiki hiki, kwenye jiko hili hili. King'ora kikilia, godoro nabeba mwenyewe. Kisipolia, habari ya kuhama isitajwe tena."

Binti alimtazama, akatazama kuta zilizobaki na poda.

"Na kitakachopikwa kiwe kinalika."

"Kitalika."

"Na pawe na mboga."

"Na mboga, mama."

"Haya. Jumamosi saa saba." Akainua kidole cha ualimu. "Kikilia, Baba, tumekubaliana nini?"

"Godoro."

"Safi."

Jumatano asubuhi Mzee Cheche aliketi na kikaango mapajani akitafuta chanzo cha tatizo, kama alivyozoea kutafuta mahali chuma kilipopasuka. Haikumchukua muda. Mafuta yalituama kwenye mifereji, yakaungua, yakatoa moshi. Mifereji iko pale kwa sababu ya matuta. Na matuta yako pale kwa nini? Akayapapasa. Yalikwaruza. Hapo akaelewa, na akasikitika. Wenye kiwanda walikuwa wamekimbilia sokoni na chuma ambacho hakijamalizwa kusagwa! Mafundi bila shaka walisema, bosi, hiki bado, kina mabonde. Bosi akasema, pakia. Ndivyo walivyo.

Akaingia chini ya kitanda akatoa grenda yake ya zamani, ile ya kusagia chuma, akaenda nayo roshani, akavaa miwani, akaanza kumalizia kazi ya watu.

Alikuwa amefika katikati, nusu ya kikaango imekuwa laini inang'aa, wakati mlango ulipopigwa kwa kiatu. Alikuwa Fundi Cherehani, mama wa fleti ya pili yake, mshonaji, shoga wa marehemu mkewe tangu jengo lina rangi. Alikuwa na pini mdomoni na hasira machoni.

"Shemeji! Gauni la bibi harusi wa watu liko dirishani kwangu, jeupe, sasa lina vumbi la chuma kama limetoka gereji! Unasaga nini?"

"Kasoro."

"Kasoro gani?"

"Matuta. Wamemuuzia binti yangu kitu nusu. Tazama mwenyewe."

Fundi Cherehani akatazama. Akatoa pini mdomoni, taratibu, moja baada ya nyingine, maana alijua anachotaka kufanya hakifanyiki na pini mdomoni. Kisha akacheka hadi akaketi sakafuni.

"Shemeji wangu mie! Hayo matuta ndiyo kikaango! Ndiyo yanayochora mistari! Umenunua kitana, ukakaa ukakinyoa meno!"

Mzee Cheche alizima grenda. Akakitazama kikaango: upande wa kushoto shamba, upande wa kulia uwanja wa mpira.

"Kwa hiyo kiwandani walikusudia?"

"Walikusudia, shemeji."

"Wangeandika."

"Waandike nini? 'Tafadhali usikisage'? Tangu dunia iumbwe ni nani mwingine angekisaga?"

Alimweleza yote basi, habari ya barua, ya Jumamosi, ya kitanda kwa Mkaguzi. Fundi Cherehani aliacha kucheka. Akafuta macho kwa ncha ya kanga.

"Marehemu angenirudia ndotoni nikikuacha," alisema. "Kesho saa nne uwe umenunua biringanya na vitunguu. Nyama hatuigusi mpaka ujue adabu."

Alhamisi darasa likaanza. Jikoni waliingia mmoja mmoja, mwanafunzi ndani, mwalimu mlangoni.

"Kikaango hakipakwi mafuta," alisema mwalimu. "Unapaka kile unachopika."

"Kiasi gani?"

"Kama unampaka mtoto baada ya kuoga. Hufungui injini hapa. Haya, moto."

Mzee Cheche akafungua hadi mwisho.

"Moto wa kati, shemeji!"

"Wa kati ndio upi?"

"Ule unaokuruhusu kusikia ninachosema."

Biringanya la kwanza liliungua, likatupwa sinkini kabla moshi haujafika darini. La pili liliungua upande mmoja. La tatu, yeye mwenyewe hakuamini, lilitoka na mistari minne myeusi iliyonyooka kama iliyopigwa rula. Akalishikilia mwangani kama fundi anayetazama kiungo alichokichomelea vizuri. Aliuliza kama anaweza kulihifadhi. Akaambiwa alile.

Ijumaa ikawa zamu ya nyama. Aliilaza, ikalia, na kabla haijatulia akaanza kuivuta kwa koleo. Haikutoka. Akavuta zaidi, kikaango kizima kikanyanyuka na nyama yake.

"Iache!" Fundi Cherehani akapiga mlango. "Haijaiva chini ndiyo maana imeshika. Ikiiva itajiachia yenyewe. Ukiivuta inang'ang'ania."

"Kama wakubwa na viti vyao."

"Kama hao. Tofauti ni kwamba nyama mwisho wake hujiachia."

Mzee Cheche alicheka, na kile kicheko kilimshtua mwenyewe, hakuwa amekisikia siku nyingi.

Upande wa matuta aliumudu. Tatizo lilibaki ule upande alioumaliza kwa grenda. Mafuta ya nyama hayakuwa na mfereji wa kukimbilia, yalikaa chini ya nyama yakiungua na kufuka, mpaka gesi ikazimwa haraka kabla king'ora hakijaamka.

"Uwanja wa mpira usiutumie," alisema mwalimu wake. "Pika kwenye shamba tu, vipande viwili viwili. Na dirisha hilo ulifungue."

Dirisha lilikuwa halifunguki tangu kamati ilipolipaka rangi bila kwanza kulifungua. Mzee Cheche alilikata rangi kwa kisu Ijumaa mchana kutwa, akilaani kila inchi, mpaka likafunguka upana wa kiganja. Upana wa kiganja ni upana wa kiganja. Wakubwa wangekata utepe.

Jumamosi walifika saa saba kasoro dakika tano, kwa sababu Mkaguzi hakubali kuchelewa. Alitangulia yeye, koti limefungwa vifungo vyote. Nyuma yake mwanawe, dereva wa lori, mtu mpole asiyesema neno moja kama kichwa kinatosha kutikiswa. Mwisho binti, ambaye aliingia akatazama king'ora kwanza, baba yake baadaye.

"Mkwe, hujambo," alisema Mkaguzi, huku anazima na kuwasha taa ya sebuleni kujaribu swichi. "Tundu la hewa la jiko liko wapi?"

"Iulize saruji."

"Hm." Akapitisha kidole juu ya fremu ya mlango, akakitazama. "Hm."

Mzee Cheche akameza jibu. Alikuwa na majibu matatu, yote mazuri, akayameza yote. Binti alivuta kiti akakiweka mahali ambapo macho yake yanaiona dari ya jikoni. Mboga zilikuwa tayari mezani, biringanya, vitunguu na pilipili hoho, zina mistari. Binti aliinua kipande kwa uma, akakigeuza, akakirudisha, nyusi zimepanda.

Vipande viwili vya kwanza vya nyama vilikwenda kama ndoto. Moto wa kati. Upande wa shamba. Hakuvigusa, mikono aliifunga nyuma kama mfungwa. Vikajiachia, akavigeuza, vikajiachia tena. Akatoka navyo kwenye sahani, akarudi kulaza vingine viwili.

"Mkwe," sauti ya Mkaguzi ikamfuata kutoka sebuleni, "vipande viwili, dakika tisa. Hapa kila mtu ni vipande viwili, na watu ni wanne. Kwa mwendo huu, wa mwisho wetu anakula saa nane kasoro dakika ishirini. Umepanga hivyo, au imetokea?"

Hapa ndipo Mzee Cheche alipokosea, na alijua anakosea. Miaka arobaini watu wa namna hiyo walisimama nyuma ya mgongo wake na saa. Damu ilimpanda. Akachukua vipande vingine viwili akavilaza kwenye uwanja wa mpira.

Moshi haukuchelewa. Ulianza kama uzi, ukawa kamba, ukanyooka juu kwenda pale pale usipotakiwa. Dirisha la kiganja liliunywa kidogo likashiba. Mzee Cheche alishika koleo avitoe vile vipande viwili: vimegoma, vimeshika chuma. Kuzima gesi hakuwezekani, chini mbichi na juu mbichi, na nyama mbichi nayo ilikuwa ni kushindwa. Kubeba kikaango kukitoa nje kulihitaji kupita mbele ya binti. Taa ndogo ya kijani kwenye king'ora ikaanza kupepesa.

"Mkwe!" aliita kwa sauti ya chini iliyobanwa. "Mkwe, njoo hapa."

Mkaguzi akatokea mlangoni. "Mimi?"

"Chukua hilo sinia. Panda kwenye stuli. Pepea."

"Nipepee nini?"

"King'ora! Moshi usikifikie! Upeleke dirishani! Panda, mkwe, mwanaume nahamishwa hapa!"

Mkaguzi alilitazama sinia. Huenda tangu astaafu hakuna aliyewahi kumpa kitu mkononi akamwambia fanya. Kisha alifanya jambo ambalo hata mwanawe hakuwahi kuliona mchana: alivua koti. Akalitundika kwenye ndoano, akashika sinia, akapanda stuli, na kwa kuwa jiko halina nafasi ya watu wawili, goti lake moja likakaa begani kwa Mzee Cheche.

"Kwa kasi gani?"

"Kasi ya mtu mwenye njaa!"

"Kuelekea kushoto au—"

"Dirishani! Dirisha ni moja!"

Akapepea. Sinia likawa linavuma. Jasho likamtoka shingoni, na hakuna aliyemuuliza kwa nini.

"Imekuwa nyekundu, mkwe! Taa imekuwa nyekundu!"

"Pepea mpaka ione haya!"

"Nyama yako inasemaje?"

"Bado haijajiachia!"

"Basi ivute!"

"Haivutwi! Mkwe, chuma usinifundishe mimi, wewe pepea!"

"Napepea!"

Ndipo koleo lilipohisi kitu kimelegea. Kipande cha kwanza kilijiachia, cha pili kikafuata. Akavigeuza, akavisogeza vyote vinne vikabanana juu ya shamba, akapunguza gesi. Juu, king'ora kikasema:

"Ti."

Mara moja. Kisha taa ikarudi kijani.

Sebuleni kiti kiliburuzwa. Binti akasimama mlangoni, mikono kiunoni, akamkuta baba yake ameganda na koleo, na baba mkwe wake juu ya stuli bila koti, shati limemganda mgongoni, sinia juu kama ngao.

"Kimelia," alisema.

"Hakijalia," alisema Mzee Cheche.

"Baba, nimesikia. Kimesema ti."

"Ti si kulia. Jumanne kililia. Uliza bibi wa ghorofa ya sita, mpaka leo magoti hayajamrudia."

"Tulisema kikilia, tukasema nini? Tukasema godoro."

Wakatazamana. Mzee Cheche akashusha koleo. Akatazama ndoano ya kanga, ambayo sasa ilikuwa imebeba koti la mtu mwingine.

"Mkwe wangu," alisema Mkaguzi kutoka juu, akimwambia binti. Alikuwa anahema, lakini sauti ilikuwa ile ya miaka thelathini ya kazi. "Nimekagua ving'ora kabla hujazaliwa. King'ora kikilia, kinalia mfululizo, na vyote vya jengo vinalia nacho. Umesikia cha jirani?"

"Sijasikia, baba."

"Kuna mtu uani?"

Dereva wa lori, ambaye hakuwa ameulizwa, alichungulia dirishani akatikisa kichwa.

"Basi hicho hakikuwa kilio. Kilikuwa kikohozi. Andika hivyo."

Hakuna aliyekuwa na kalamu, lakini ikawa imeandikwa.

Nyama ililiwa. Vipande vya mwisho vilikuwa na mistari nusu, nusu nyingine nyeusi tii kama kisigino.

"Baba, mbona hivi vimechorwa upande mmoja?"

"Ili mtu achague."

Binti alitafuna, akatafuna, akajaribu kukunja uso na uso ukakataa. Akaongeza kipande. Mumewe alikuwa kwenye cha tatu, ambacho kihesabu hakikuwa chake.

"Haya, Baba," alisema mwishowe, akifuta vidole kimoja kimoja. "Umeweza. Sisemi tena habari ya kuhama. Ila huyo Mwenyekiti nitamwandikia mimi. Hilo tundu la hewa walizibue."

"Mwandikie, mama. Tumia wino mwekundu."

Mzee Cheche akaegemea kiti. Kwake kulikuwa kwake. Alitaka kuinuka amgongee ukuta Fundi Cherehani kumpa habari, na akaona aibu kuinuka wageni wakiwa hawajamaliza. Lakini Mkaguzi alikuwa amemaliza. Sahani yake nyeupe, kisu na uma sambamba. Koti alikuwa hajalivaa. Alikuwa ananusa mikono yake, polepole, kama mtu anayesoma barua. Ilinuka moshi.

"Kule kwa mwanangu," alisema, hasemi na mtu yeyote hasa, "hata kijiti cha kiberiti sishikishwi. Nikisimama, baba kaa. Nikikaa, baba unaumwa?"

Mwanawe aliacha kutafuna. Binti akainuka ghafla akaanza kukusanya sahani, pamoja na ya mumewe ambayo bado ilikuwa na nyama. Mzee Cheche akaona jambo linakuja, akalitazama kama mtu aliyesimama relini, na kabla hajapata mahali pa kurukia, Mkaguzi alimgeukia, akauliza kwa upole lile swali ambalo, na leo ni wiki ya tatu, hakuna aliyelijibu:

"Hivi, mkwe, mgeni akija hapa kwako, hulala wapi?"